Siku Moja Hiroshima: Tulichokula na Tulichowaletea



Tangu turudi, kila tukipita njiani tunaulizwa maswali mawili. La kwanza: "Huko Japani mlikula nini?" La pili: "Na sisi mmetuletea nini?" Wenzetu wa jarida hili wametuomba tuyajibu kwa maandishi, ili tusiendelee kurudia maneno yale yale kwenye foleni ya maji. Basi leo tunajibu.

Sisi ni wanafunzi wanne, watoto wa kambi hii, tunasoma chuo kikuu Kampala kwa msaada wa masomo. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, tulichaguliwa pamoja na wanafunzi wengine wa chuo chetu kwenda Japani siku kumi, kujifunza jinsi mji unavyojengwa upya baada ya vita. Siku zote kumi hatuwezi kuzimaliza hapa. Tumechagua moja, siku ya tano, kwa sababu ndiyo iliyotuchosha kuliko zote, na ndiyo iliyotufuata mpaka nyumbani.

Kuhusu njia tuseme neno moja tu. Tulisafiri kwa kitabu cha safari cha wakimbizi, kile kinachotolewa kwa kufuata Mkataba wa 1951. Kwenye uwanja mmoja wa ndege afisa alikigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanika. Wenzetu wenye paspoti wakapita, sisi tukawekwa pembeni karibu saa nzima. Mwishowe tulipita. Vijana, mkipata nafasi kama hii, ombeni hicho kitabu mapema sana. Vyetu vilichukua miezi.

Saa inayosoma kama ya kwetu

Siku ile tuliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kulikuwa na giza na baridi ya kuuma masikio.

Kwanza tuwaeleze jambo lililotufurahisha. Japani wametutangulia saa sita. Na sisi tunaosema Kiswahili, saa ya ukutani ikionyesha tisa, tunasema saa tatu, yaani nasi tunapishana na saa ya ukutani kwa saa sita. Sasa jumlisheni hizo mbili. Saa ya ukutani ya Hiroshima ikionyesha tisa ya usiku, hapa kambini ni saa tisa alasiri! Tarakimu ni ile ile. Kwa hiyo tukitaka kujua nyumbani ni saa ngapi, tulitazama tu ukutani tukasoma kama ilivyo. Mmoja wetu alisema ni kama vile mama amekuja na saa yake akaitundika pale. Alfajiri ile ukuta ulisema tano na nusu, na kweli hapa ilikuwa saa tano na nusu usiku, mmeshalala.

Chakula cha asubuhi, kwa wale waliouliza: wali mweupe bila chumvi, kipande cha samaki wa kuchoma, na supu ya maharagwe ya soya yaliyochachushwa, wanaiita miso. Ndiyo, samaki na wali kabla jua halijapanda! Tulikula kwa vijiti viwili. Siku ya kwanza wali ulianguka mezani kuliko ulioingia mdomoni, lakini kufika siku ya tano tulikuwa hodari. Viatu vinaachwa mlangoni, kama kwetu. Takataka nazo zinatengwa: chupa peke yake, karatasi peke yake, mabaki ya chakula peke yake. Ole wako uchanganye!

Kiongozi wetu alikuwa ametugawia ratiba ya karatasi moja, imejaa juu mpaka chini. Kuchelewa dakika mbili kulihesabiwa ni kuchelewa. Sisi tuliozoea "nakuja sasa hivi" tulijifunza kukimbia.

Saa mbili na robo asubuhi

Tulipanda tramu, yaani treni ndogo inayopita katikati ya barabara pamoja na magari. Tulishuka mbele ya jengo moja lililobomoka, lina kuba la vyuma vitupu juu, bila bati. Pembeni kuna mto, na ng'ambo kuna bustani kubwa. Tulikuwa bado tunahesabiana, mara saa ya mnara bustanini ikalia. Ilikuwa saa mbili na robo. Inalia kila asubuhi dakika hiyo hiyo.

Wengi wenu mmesikia habari hii, lakini tuikumbushe kwa ajili ya watoto. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha hapo bomu la atomiki, la kwanza kutumika vitani. Lililipuka hewani, kama mita 600 juu ya mji. Hiroshima ilikuwa na watu kama 350,000. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa, wengine papo hapo, wengine kwa kuungua, na wengine kwa ugonjwa wa mionzi ambao madaktari walikuwa hawajawahi kuuona. Siku tatu baadaye mji wa Nagasaki nao ulipigwa.

Jengo lile la kuba lilijengwa mwaka 1915. Baada ya vita kulikuwa na mabishano: wengine walitaka libomolewe, kwa sababu kuliona kila siku kunaumiza, wengine walitaka libaki. Likabaki, na mwaka 1996 likaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tulilitazama muda mrefu. Nyumba zilizobomoka tumeziona wengi wetu. Nyumba iliyobomoka na bado inatunzwa isianguke zaidi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ukuta wa chaki

Saa tatu na nusu tulikuwa Fukuromachi. Hiyo ni shule ya msingi, iko karibu nusu kilomita tu kutoka pale bomu lilipolipukia. Jengo la saruji halikuanguka, lakini ndani liliungua na kuta zikawa nyeusi kwa masizi. Majeruhi wakaanza kuletwa hapo. Na watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao wakaokota chaki, wakaandika juu ya masizi. Fulani tumempeleka mahali fulani. Mwalimu fulani yuko hai. Mtoto wa fulani anatafutwa, ukimwona tuambie.

Baadaye shule ilikarabatiwa, kuta zikapigwa lipu na rangi, watoto wakasoma miaka mingi bila kujua kilichoko nyuma ya lipu. Mwaka 1999, jengo lilipokuwa karibu kubomolewa, waliondoa lipu na maandishi yakaonekana. Sehemu ya jengo ikaachwa iwe makumbusho.

Wenzetu wa chuo walipiga picha, wakasonga mbele. Sisi wanne hatukuweza kusonga. Nyumbani kwetu nani hajui karatasi kama hizo? Kila mmoja wetu amesimama mbele ya ubao wa picha za watoto waliopotezana na wazazi, akatafuta uso mmoja. Mmoja wetu aliwahi kujaza fomu za Msalaba Mwekundu mara tatu kumtafuta dada yake. Pale Fukuromachi hakusema kitu, alisoma tu ukuta kwa kidole, ingawa maandishi ya Kijapani hayajui hata herufi moja. Kiongozi aliangalia saa yake, akatuangalia sisi, akaacha ratiba ichelewe.

Somo la mchana

Kutoka saa tano mpaka saa saba tulikuwa darasani, katika chuo kimoja mjini. Somo lilikuwa: mji uliokwisha unaanza wapi? Tulidhani watatuambia fedha. Walituanzishia tramu. Tarehe 9 Agosti 1945, siku ya tatu tu baada ya bomu, kipande kifupi cha njia kilikuwa kimetengenezwa na tramu ikatembea. Wasichana wa shule walikuwa miongoni mwa waendeshaji na makondakta, maana wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa vitani. Fikirini: moshi bado, maiti bado, na binti wa miaka kama kumi na sita anakata tiketi.

Fedha zilikuja baadaye. Mwaka 1949 bunge la Japani lilipitisha sheria maalumu ya kuijenga Hiroshima kuwa mji wa amani, na serikali ikatoa msaada na ardhi. Makumbusho makubwa yakafunguliwa mwaka 1955. Leo ukitembea mjini usingejua, isipokuwa mahali walipotaka ujue. Hata miti iliyonusurika imewekewa kibao chake kila mmoja.

Chakula cha mchana tulipewa ndani ya boksi, tukala kwa dakika ishirini.

Swali la bibi

Mchana tuliingia makumbusho. Humo hatutawapeleka, maana jarida hili linasomwa na watoto. Tuseme tu kwamba kuna baiskeli ndogo ya mtoto, boksi la chakula la mwanafunzi lenye chakula kilichoungua kikawa mkaa, na nguo za watoto wa shule. Tulitoka kimya.

Saa tisa alasiri tuliketi katika chumba kidogo kumsikiliza bibi mmoja aliyenusurika. Watu kama yeye wanaitwa hibakusha. Waliobaki sasa ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Chama chao cha nchi nzima, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024. Bibi huyu alikuwa na miaka sita siku ile. Alizungumza polepole, mkalimani akatafsiri kwa Kiingereza. Alisema alichokisikia zaidi ni watu kuomba maji, na kwamba hadi leo watu wa Hiroshima wanawawekea marehemu maji.

Ukafika wakati wa maswali. Wenzetu waliuliza maswali mazuri ya chuo. Halafu akasimama mwenzetu mmoja wa hapa kambini. Babu yake mnamfahamu, ni mzee yule anayeketi nje na redio yake, asili yake Likasi, Katanga. Huyu mwenzetu alianza kwa Kiingereza, sauti ikakwama, akamalizia kwa Kiswahili na sisi tukamsaidia kutafsiri.

Alisema hivi: jiwe lililotengeneza bomu lile lilitoka kwetu.

Na ni kweli, ndugu wasomaji. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, wakati Kongo ilikuwa koloni la Wabelgiji. Mawe ya pale yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi. Mwaka 1940 zaidi ya tani elfu moja zilipelekwa New York kwa meli na kuwekwa ghalani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua, kisha likaagiza nyingine. Wachimbaji Wakongo waliyachimba na kuyajaza mawe yale kwenye magunia kwa mikono. Kazi hiyo ilikuwa siri, na wao hawakuambiwa ni ya nini. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mgodi ulikuwa umefungwa, lakini watu waliendelea kuchimba kwa kujificha, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua.

Babu wa mwenzetu husema kwamba baba yake alikuwa kibarua pale. Sisi tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na tuseme ukweli, tulikuwa tunaicheka. Tulidhani ni maneno ya wazee.

Mwenzetu alitaka kuomba radhi. Bibi alinyanyua mkono kabla hajamaliza. Kupitia kwa mkalimani alisema aliyebeba gunia bila kuambiwa hana deni kwake. Halafu akauliza yeye maswali. Huyo mzee aliugua? Aliishi miaka mingapi? Nani alimtibu?

Mwenzetu alijibu alichokijua: alikohoa miaka mingi, alikufa kabla ya uhuru, hakuna daktari aliyemweleza ni nini. Sisi wenyewe hatuwezi kusema ilikuwa urani, maana hakuna aliyempima. Lakini tuligundua kitu pale kwenye viti vyetu. Maisha yetu yote hakuna mtu aliyewahi kuuliza habari ya wachimbaji wale. Wa kwanza kuuliza alikuwa bibi wa Hiroshima.

Kisha bibi akatoa kidaftari mkobani, akafungua kalamu, akauliza swali la mwisho: jina lake nani?

Mwenzetu akanyamaza.

Alijua kumwita "Babu wa Likasi". Nyumbani kwao wote wanasema hivyo. Jina lenyewe hakulijua. Bibi alisubiri, kalamu mkononi. Hakumsukuma. Mwishowe alifunga kidaftari polepole, akainama kumshukuru, na kikao kikaisha.

Majina ndani ya jiwe

Jioni jua linatua mapema Novemba, saa kumi na moja hivi. Tulipita bustanini tukasimama mbele ya mnara wa kumbukumbu uliojengwa kama paa la upinde. Chini yake kuna sanduku la jiwe, na ndani ya sanduku kuna vitabu vya majina ya marehemu. Kila tarehe 6 Agosti majina ya waliofariki ndani ya mwaka yanaongezwa. Yameshapita laki tatu. Hawachagui taifa. Wakorea wengi walikuwa Hiroshima wakati ule, baadhi yao waliletwa kufanya kazi kwa nguvu, na waliokufa nao wana mnara wao bustanini.

Kiongozi alieleza vizuri, lakini tulimsikia nusu nusu. Tulikuwa tunamtazama mwenzetu. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono mifukoni.

Tulikula chakula cha usiku saa moja. Hicho tumekipenda kuliko vyote: okonomiyaki. Ni kama chapati nyembamba, juu yake kabichi nyingi, tambi, yai, na mchuzi mtamu, vyote vinapikwa mbele yako juu ya bamba la chuma la moto. Wenyeji walituambia kilienea baada ya vita, wakati unga ulipatikana na nyama ilikuwa shida. Wenzetu wasiokula nguruwe walipikiwa cha kwao bila maneno. Mama mpishi alicheka tulivyomaliza sahani.

Simu ya saa tisa

Tulirudi tumechoka, miguu inawaka. Bado tulitakiwa kuandika ripoti ya siku. Ukuta ulionyesha tisa. Mwenzetu akasema, "Kwetu ni saa tisa, mzee yuko nje na redio." Akampigia jirani, jirani akapeleka simu.

Tulisikia upande wetu tu. Alimsalimia, akamuuliza afya, akamuuliza kama mvua imenyesha. Halafu: "Babu, baba yako aliitwa nani? Jina lake lote." Mzee akauliza kwa nini. Akaelezwa: kuna bibi hapa, alikuwa chini ya lile bomu, anataka kuliandika. Simu ikanyamaza mpaka tukadhani salio limeisha. Kisha sauti ya mzee ikatoka kubwa, tukaisikia wote: "Andika." Akataja jina, akalirudia, herufi kwa herufi, kama wakati wa kuandikisha watu. Akataja na kijiji. Akataja na majina ya wenzake waliobeba magunia pamoja. Alikumbuka matatu. Akasema walikuwa wengi, wengi sana, lakini yeye alikuwa bado mdogo, mengine yamepotea.

Asubuhi yake tuliandika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi na kumkabidhi mwenyeji wetu. Jioni alituambia bibi amelipata na amelinakili kwenye kidaftari chake. Hapa hatulichapi, ni la familia. Ila mjue kwamba liko Hiroshima.

Basi, tulichowaletea

Wazazi wetu, tunajua mlitegemea mengine. Kuna waliotarajia simu, kuna waliotarajia viatu. Posho ya safari ilikuwa ndogo na mzigo ni kilo zilizopimwa. Tuliwaletea peremende, na zimekwisha.

Tulichowaletea hasa ni swali la yule bibi. Jina lake nani? Hapa kambini kila nyumba ina mtu aliyeona mambo makubwa: aliyechimba, aliyekimbia, aliyezika njiani, aliyeponyesha watoto wa wengine. Watoto wetu wanawajua kwa "babu wa Likasi" na "mama wa bloku ya tatu". Wale wa Hiroshima waliandika kwa chaki juu ya masizi wakati hawakuwa na kitu kingine, na nusu karne baadaye maandishi yalikuwapo bado. Sisi daftari tunazo.

Vijana, wiki hii nunueni moja, hata lile dogo. Ketini na mzee wenu jioni, kabla redio haijawashwa. Muulizeni majina kamili ya wazazi wake na ya wazazi wao. Walizaliwa wapi. Walifanya kazi gani, na nani. Nani alibaki njiani, na mahali gani. Akichoka, acheni, rudini kesho. Asipotaka kusema jambo fulani, msimlazimishe. Andikeni kwa kalamu, daftari likae nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua.

Mwenzetu tayari ameanza lake. Ukurasa wa kwanza una jina moja na mengine matatu chini yake, halafu ameacha mistari mitupu. Mzee amesema labda mengine yatamrudia. Kama hapa kambini kuna mwingine ambaye wazee wake walifanya kazi Shinkolobwe, mtafuteni pale nje na redio yake. Anawasubiri.